Mlokwati na Maji ya Kisima

Siku ya tatu ya msiba wa Ami Nassor nilikuwa nimeshika birika la kahawa katika sebule ya wanawake, nyumbani kwake Azaiba, Maskati, nikizunguka kumiminia watu vikombe, pale Shangazi Zuwena, mjane wake, alipoinua kichwa na kuanza kumsifu marehemu. Alikuwa hajasema kitu kirefu tangu jeneza lilipotoka. Wanawake wakamgeukia. Alisema mumewe hakuwahi kumpandishia sauti, hakuwahi kumzuia kwenda kwao Lushoto, na hasira zake zilikuwa hazivuki magharibi. "Kosa alilonifanyia ni moja tu," akasema, "na lenyewe nilimsamehe zamani. Mlokwati wangu aliutia maji ya chumvi. Simsingizii, alikuja mwenyewe akakiri. Na juzi pale hospitali, sauti haimtoki, bado akaniomba radhi ya mti." Wanawake wakalia na kucheka kwa pamoja, kama inavyotokea misibani. Mimi nikamwaga kahawa juu ya zulia. Jirani mmoja akanambia pole mwanangu, umechoka, kaa kitako kidogo. Sikuwa nimechoka. Maji ya chumvi niliyatia mimi.

Nina wajukuu wawili sasa, nakaa Amerat, na kwa miaka yote hii nimevuka mlima na gari yangu kuja nyumba ile kila Ijumaa na siri hiyo mdomoni. Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeanguka somo la kemia kwenye mtihani wa mwisho wa shule, ikaamuliwa nirudie huku nikikaa kwa Shangazi, na kwa nini kwake na si kwetu si habari ya leo. Nilipewa chumba cha nyuma, chenye kitanda cha chuma na dirisha moja lililotazama uani. Ukuta wake ulikuwa mmoja na wa jiko, kwa hiyo nilisoma kemia nikisikia vitunguu vinakaangwa na wenyeji wangu wanataniana. Ami Nassor alizaliwa Unguja na hakumwachia mtu asahau. Shangazi alizaliwa milimani Lushoto na hakuona haya. Akipika makande, mahindi na maharage yaliyochemka asubuhi nzima, Ami alisimama mlangoni akanusa. "Leo tumefungwa gereza gani?" akauliza. Shangazi hakugeuka. "Lile la watu walioshiba," akamjibu. Kisha Ami akakaa akala sahani mbili. Mwanzoni nilidhani wanagombana. Nilichukua mwezi mzima kujua kwamba ule ndio ulikuwa mchezo wao, na kwamba nyumba nilizozizoea mimi, ambazo watu husemezana kwa adabu siku nzima, hazikuwa na mapenzi kiasi kile.

Mti ulikuwa pembeni mwa uwa, baina ya ukuta na mahali Ami alipoegesha gari. Shangazi aliutoa kwenye mbegu. Safari ya mwisho aliyomkuta mama yake hai, aliokota mbegu tatu chini ya mlokwati wa uani kwao, akazifunga kwenye pamba mbichi ndani ya kopo la poda, kwa sababu mbegu ya lokwati ikikauka imekufa, akaja nazo Maskati. Iliota moja. Mwaka uliofuata mama yake akafariki. Miaka saba mti ule ulikula samadi ya mbuzi na ukavikwa chandarua cha kivuli kila kiangazi, na haukutoa hata ua. Majani yake yalikuwa makubwa, magumu, yenye manyoya ya rangi ya kutu kwa chini. Ami aliuita mgeni wa bara. Alitaka kuukata ajenge banda la gari, maana jua la kwetu halina huruma na usukani ulikuwa ukimuunguza viganja. Mwisho walipatana, na nilikuwapo wakipatana, juu ya sahani ya wali wa nazi na mchuzi wa papa. Msimu huu wa baridi ukizaa, unabaki. Usipozaa, Ami ataita mafundi. "Na usije ukalia," akasema. "Sitolia," akasema Shangazi. "Utazaa."

Kazi ya kuumwagilia nilipewa mimi. Ilikuwa kazi yenye masharti. Kisima cha nyumbani kilikuwa cha chumvi, kama visima vingi vya karibu na pwani, na maji yake yalipita kwenye mpira mrefu wa kijani kwenda kwenye mitende miwili ya mbele, ambayo haijali. Mlokwati unajali. Huo ulikunywa maji ya viyoyozi. Chini ya kila kiyoyozi Shangazi aliweka ndoo, na matone ya siku nzima yalikuwa matamu, hayana chembe ya chumvi, na siku za joto la Maskati yalijaza ndoo nne. Alinifundisha kumimina polepole kwa duara, mbali na shina, na nisichimbue chini kwa sababu mizizi yake iko juu juu. Akanionesha kutandaza makuti makavu yaliyokatwakatwa ili udongo usichemke. Niliyapenda mafunzo hayo kuliko kemia, nikiri. Na mwezi wa Novemba, asubuhi moja, nikasikia harufu inaingia dirishani, kitu baina ya lozi na asali. Nikamwita. Alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama chini ya mti, akatazama vishada vya maua meupe yaliyofifia, akajifuta macho kwa kiwiko. "Mama," akasema, si kwa kuniita mimi. Ami akatoka naye, akatazama gari yake, akatazama maua. "Haya," akasema. "Gari itakula jua."

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Baridi ikiingia, viyoyozi huzimwa. Ndoo zikakauka zote, na ndio wakati mti una maua na una kiu. Sharti la Shangazi lilikuwa wazi: kuanzia hapo nichote maji ya bomba la jikoni, yale yanayoletwa na gari la maji, niyabebe kwa ndoo mpaka uani, ndoo sita, kila siku mbili. Nilibeba kwa wiki moja. Mgongo ukaniuma, kitabu kikanisubiri, na mpira wa kijani ulikuwa umelala pale pale karibu na mguu wangu, unavuta tu. Nilikuwa mvivu wa kutupwa. Nikajiambia maji ni maji, na mti ulioishi miaka saba hautakufa kwa kisima. Mimi niliyekuwa nikisoma kemia usiku na mchana, niliyeandika daftari zima juu ya chumvi! Nikauvuta mpira. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Wiki ya tatu ncha za majani zikageuka rangi ya chai. Wiki ya tano kingo zote zilikuwa zimeungua, na asubuhi nikitoka nakuta maua yametapakaa juu ya makuti.

Shangazi hakufikiri kuwa ni mimi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jirani yetu Bi Asya, mama mwema mwenye mdomo mwepesi, alikuwa amekuja kuazima sufuria ya biriani, akasimama mbele ya mlokwati na kusema, "Ah, maua haya yote! Zuwena, wewe una bahati." Hakusema mashaallah. Shangazi aliisikia nafasi ile tupu mahali mashaallah ilipopaswa kukaa, akaiweka moyoni. Majani yalipoungua, kwake jawabu lilikuwa limeshapatikana. Alitoa chetezo, akafukiza ubani chini ya mti mpaka moshi ukaingia chumbani kwangu, akasoma sura zake, akapuliza. Mimi nikashika chetezo. Nikaitikia amin. Jioni yake nikamwagilia kwa mpira, kwa sababu nikiacha ghafla, niliwaza, mtu atauliza kwa nini. Ndivyo akili ya mkosaji inavyofanya kazi. Bi Asya akaja tena na sahani ya vileja, Shangazi akaipokea mlangoni na hakumkaribisha ndani. Nilimwona Bi Asya akibaki amesimama barazani, anapanga ushungi wake ambao haukuharibika. Vile vileja vilikaa mezani siku nne, hakuna aliyevigusa, na roho yangu ikanisuta kila nilipopita.

Ami alinikamata Jumatano moja. Alirudi kazini mapema, akanikuta uani na mpira mkononi, maji yanatiririka kwenye shina. Akautazama mpira. Akayatazama majani. Akainama, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Nilingoja anipigie kelele, nikatamani hasa anipigie. Alikwenda kwenye pampu akaizima, akaingia ndani kuvua kanzu yake ya kazini. Siku mbili hakusema neno, na mimi nikajikausha. Nilikuwa naogopa kurudishwa kwetu. Lakini zaidi nilikuwa naogopa uso wa Shangazi akijua kwamba mti wa mama yake umeuliwa na mtoto aliyemfundisha kuutunza.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Shangazi alijifunga buibui jikoni. Akasema anakwenda kwa Bi Asya, na leo atamwambia mbele ya watoto wake kwamba ana jicho na asikanyage tena nyumba hii. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilisema, kwa sauti ndogo, "Shangazi, usende," kisha nikarudisha mikono kwenye povu. Ami akatokea mlangoni. "Vua buibui," akamwambia. "Bi Asya hana jicho. Mti nimeutia maji ya kisima mie." Shangazi akaacha kujifunga buibui. "Wewe?" "Mie. Nilimuona mtoto anateseka na ndoo, nikamwambia asome, nitamwagilia mie. Nikatumia mpira." Kijiko kilinianguka kwenye sinki. Na Shangazi, mwanamke wa utani na sahani mbili mbili, akasema maneno ambayo sijayasikia tena kinywani mwake. "Umefanya makusudi. Ulitaka banda lako la gari. Umeniulia mama yangu mara ya pili, Nassor." Ami akafumbua mdomo, akaufumba. Angeweza kusema lolote, nilikuwa hapo hapo hatua mbili. "Niwie radhi," ndilo alilosema.

Shangazi alimnunia wiki tatu. Chakula chake alikiweka mezani, kizuri kama siku zote, kisha akaja jikoni kukaa na mimi kwenye mkeka. Ami alikula peke yake. Tulimsikia kijiko chake. Na mimi, Mungu anisamehe, zile wiki tatu zilikuwa tamu kuliko zote nilizokaa nyumba ile. Mapenzi yote aliyokuwa akimgawia Ami yalinigeukia mimi. Tulikula muhogo wa nazi kutoka sinia moja, akanihadithia uwa wa kwao Lushoto, ukungu unaoingia mpaka jikoni, mama yake aliyekuwa akimenya lokwati kwa ukucha wa kidole gumba na kumlisha huku akimsuka nywele. Alianza kuniita mwanangu, yeye aliyekuwa akiniita Raya tu. Kila siku nililala nikijiambia kesho nitasema. Kila kesho ilikuja na hadithi nyingine na kipande kingine cha muhogo, nikanyamaza. Si woga tu tena. Nilikuwa sitaki yaishe.

Mti haukufa, na hilo halikutoka kwangu. Ami aliuliza watu wa miche, wakamwambia chumvi huoshwa kwa maji matamu mengi, ya mara moja, mpaka ishuke chini ya mizizi. Rafiki yake wa Ansab alikuwa na kisima kitamu. Kila alasiri, akirudi kazini, alinichukua, tukajaza madumu manane nyuma ya gari na kurudi nayo, kanzu yake imelowa pajani. Siku ya kwanza nilimwambia njiani, "Ami, mwambie ukweli. Au niache niseme." Alikuwa anaendesha na vipande viwili vya karatasi baina ya viganja vyake na usukani uliokuwa moto. "Kemia umefika wapi?" akauliza. "Ami." "Nimekuuliza kemia." Nikamwambia nimefika kwenye asidi. Akaniuliza maswali ya asidi mpaka Azaiba, yote akiyakosea makusudi ili nimsahihishe. Sikumwomba tena. Na mafundi wa banda hakuwaita. Alimwambia Shangazi kupitia kwangu, kama wanavyofanya watu walionuniana: "Mwambie shangazi yako mti ukipona, ukifa, pale hapajengwi kitu." Shangazi alikuwa anakata mchicha. Kisu kikasimama.

Vilibaki vishada vinne. Shangazi akapunguza vitunda katika kila kishada, akaacha vitano vitano ili vilivyobaki vinenepe. Vilipoanza kugeuka manjano ndege wakavigundua. Akafungua kabati la mumewe na kutoa kofia zake nne, kofia za vitobo alizomshonea kwa mkono, kila moja kazi ya miezi, akavivika vishada. Vitobo vilipitisha hewa na midomo ya ndege haikupita. Ami alitoka kwenda sala ya Ijumaa, akakuta kofia zake mtini zinapepea. Alisimama pale kichwa wazi. "Raya," akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "mwambie shangazi yako ile ya Idi imepata kichwa kizuri kuliko changu." Nikasikia jikoni mtu anazuia kicheko na anashindwa. Ndicho kicheko cha kwanza baada ya wiki tatu.

Mwezi wa Machi tulichuma. Shangazi akavua kofia ya kwanza, akakata kishada kwa mkasi wa kushonea, akakaa kwenye kigoda chini ya mti na sisi tumesimama. Tunda la kwanza alilimenya kwa ukucha wa kidole gumba, akatoa mbegu mbili za kahawia zinazong'aa, akaliangalia. Nilidhani atampa mumewe. Akanipa mimi. "Wewe ndiye uliyelibebea ndoo," akasema. Ami alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama bila ya kinyongo cha aina yoyote, akaniashiria kwa kichwa, kula. Nikala. Lilikuwa tamu na kali kwa pamoja. "Tamu?" akauliza Ami. Nikasema tamu. Tunda la pili Shangazi alimnyooshea yeye, bila ya kugeuka. Akalipokea, akatafuna taratibu. "Kumbe bara kuna vitu," akasema, na nyumba ikarudi kuwa ile ile ya zamani. Mimi nilifaulu kemia, nikaondoka mwezi wa Septemba. Mti ukazaa kila mwaka. Gari ya Ami, na kila gari aliyonunua baadaye, ikala jua pembeni yake.

Nimeandika hayo yote kwa sababu ya siku ya kumi na mbili tangu msiba. Nilivuka mlima asubuhi, nikamkuta Shangazi yuko edani chumbani kwake, nguo nyeupe, ungo wa choroko mapajani, anachambua. Watoto wake walikuwa wamekwenda kazini. Nikakaa chini karibu na miguu yake na kumwambia yote, bila ya mpangilio, nikianza na mpira na kumalizia na ndoo. Mikono yake ilisimama.

"Wewe," akasema.

"Mimi, Shangazi."

"Na yeye alijua."

"Aliniona na mpira mkononi. Aliyaonja maji."

Aliuweka ungo kando. Alikuwa mzee ghafla, uso umemshuka. "Nilimwambia kaniulia mama. Akanyamaza. Nikasema ananyamaza kwa sababu ni kweli." Akapumua. "Wiki tatu namsikia anakula peke yake, nikasema mwache ajue."

"Na mimi nikala na wewe," nikasema. "Nilizipenda zile siku. Ndilo linaloniuma zaidi kuliko mti."

"Ungesema akiwa hai, Raya. Hata juzi ile. Kaniomba radhi nikampa, kama mimi ndiye mwenye kutoa. Ungesema tu jana yake, ningemwomba mimi."

"Najua."

"Hujui." Hakusema kwa ukali. Alikuwa analia sasa, na mimi nikalia, na sikumwomba anisamehe kwa sababu niliona si wakati wangu wa kupewa kitu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa namna nyingine, na nilipoinua uso nikaona anacheka, machozi bado yanashuka. "Muongo yule," akasema. "Muongo mkubwa! Na kuapa aliniapia?"

"Hakuapa. Alisema tu."

"Eh. Kuapa uongo hawezi." Alijifuta kwa upindo wa mtandio. Siku kumi na mbili, akanambia, watu wanaingia na kutoka wanamletea habari za Nassor, na zote anazijua yeye kabla yao, kiasi cha kuchoka kuitikia. Hii haijui. Alidhani keshamaliza kumjua, na kumbe kuna siku nzima ya mumewe hajaiona. Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu nisizomdhania.

"Nambie tena," akasema. "Pale alipoingia jikoni. Usiruke kitu. Mimi nilikuwa na hasira, sikumtazama. Alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia alikuwa na kikoi cha buluu na fulana, miguu mitupu, ndio kwanza anatoka kutawadha, maji bado yanamchuruzika viwikoni.